Fahamu: Joto la ghafula angani na hatima ya ozoni
Huku Mutshatsha, magharibi ya Kolwezi, ambako mnamo Oktoba jua husimama utosini, ni wachache wanaodhani kwamba ukali wake una nasaba na mambo ya Ncha ya Kusini. Lakini Septemba 2019 mawimbi makubwa ya hewa, yakipanda kutoka tabaka la chini, yaliudhoofisha upepo uizungukao ncha hiyo, na tabaka lililo juu yake, stratosfia, ambayo wakati huo huwa na baridi ya kiasi cha nyuzi 78 chini ya sifuri au zaidi, ikapata joto ghafula (wala si joto lile la tabianchi); mawingu ambayo juu yake klorini huamshwa ili iile ozoni, gesi ichujayo ukali wa jua, yakatoweka, na tundu mashuhuri la ozoni juu ya ncha hiyo likawa dogo kuliko yote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ajabu ni kwamba neema hiyo si yetu: ozoni huumbwa zaidi juu ya nchi za joto, kisha husafirishwa hadi kwenye ncha, na tukio kama hilo huuharakisha msafara, hata anga yetu, ambayo ozoni yake ni haba kwa tabia, ikapungukiwa kidogo. Kwa ukanda wetu, vipimo vya ozoni hupatikana kwa maputo yarushwayo Nairobi.