Gari la Marehemu Baba na Namba ya Oktani

Eda ya mama ilipomalizika, miezi minne na siku kumi, kaka alituletea kutoka Nairobi gari la marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni Toyota Corolla ya miaka ya 1980, ile iliyozoeleka nchini kwa jina la DX, yenye kabureta na distribyuta. Sisi warithi tuliafikiana kuwa libaki kwa mama, limpeleke hospitali na limfikishe kwa dada aliyeolewa Mariakani. Kaka ni mtu mwangalifu. Kabla ya safari aliimwaga petroli iliyolala tangini miezi yote ile, kwa kuwa petroli ikikaa sana hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Alijaza mpya ndipo akashika njia.

Nairobi, asema kaka, gari lilikuwa halisikiki. Juma la kwanza hapa Mombasa, tulipokuwa twapanda kuelekea Mazeras, injini ikaanza kulia kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Nilipoinua mguu kelele ilikoma. Nilipokanyaga tena, ikarudi.

Fundi tuliyempelekea hakufungua hata boneti. "Mama," alimwambia mzazi wangu, "gari hili ni zee, lataka mafuta yenye nguvu. Jaza yale ya bei ya juu, na kila ukijaza ongeza chupa moja ya dawa." Mama aliitii kauli hiyo muda wa miezi miwili. Kelele ilipungua kidogo, haikwisha.

Nilikaa nikapiga hesabu, maana kikapu cha nyumba ile nakijua. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 15 kwa kila lita, na gari lanywa lita 30 kwa wiki. Hizo ni shilingi 450 kila wiki, yaani 23,400 kwa mwaka, na bado hujahesabu chupa. Kwa mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili, hiyo si fedha ya kumwaga tangini kwa dhana. Ndipo nikataka kujua hiyo "nguvu" inayouzwa ni kitu gani hasa.

Ndani ya kila silinda, pistoni hupanda ikaminya hewa iliyochanganyika na petroli. Plagi hutoa cheche, na moto huanzia hapo ukaenea kwa utaratibu, mfano wa karatasi inayoungua kutoka pembe moja, ukaisukuma pistoni chini. Hivyo ndivyo itakiwavyo. Lakini hewa ikiminywa hupata joto, na yeyote aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anaujua ukweli huo kwa kiganja chake. Mchanganyiko ulio upande wa mbali, ambao moto haujaufikia, ukiminywa mno na kupashwa joto mno, huripuka wenyewe kwa mara moja. Mripuko huo ndio tunaousikia ukigonga. Ukiachwa uendelee kwa nguvu, huweza kuharibu gasketi ya hedi na hata kuitoboa pistoni.

Oktani, basi, si kipimo cha nguvu wala cha usafi. Ni kipimo cha subira ya petroli: yaweza kuminywa na kupashwa joto kiasi gani kabla ya kuripuka bila kungoja cheche. Katika miaka ya 1920 wanakemia walichagua vimiminika viwili viwe vya kulinganishia. Isooktani, iliyo na subira nyingi, ilipewa 100. Heptani, igongayo upesi, ikapewa 0. Petroli ya 90 ni ile ifanyayo kama mchanganyiko wa sehemu 90 za isooktani na 10 za heptani. Kipimo kitumikacho kwetu na Ulaya na Japani huitwa RON. Marekani wana hesabu yao nyingine, hata 87 ya pampu zao ni sawa na 91 au 92 ya RON, kwa hiyo asomaye kitabu cha gari kilichoandikwa kwa ajili ya Marekani asizichanganye namba hizo na zetu.

Injini ya DX huminya mchanganyiko wake yapata mara tisa, na hiyo ni kazi ya wastani. Petroli yenye subira nyingi ikitiwa humo haina la kuvumilia. Haitaongeza mwendo, haitapunguza unywaji, wala haitadhuru. Ni fedha tu iliyopotea. Magari ya Kijapani yaliyo mengi katika barabara zetu yameundwa kwa petroli ya kawaida ya huko kwao, ambayo hutakiwa isipungue 89, ilhali ile ya daraja la juu hutakiwa isipungue 96. Super ya vituo vyetu imepita 90. Gari la namna hiyo likigonga kwa Super iliyo safi, kasoro itafutwe penginepo.

Kwa mama penyewe palijulikana kwa swali moja. Mzee mmoja wa Majengo, fundi tangu enzi za kabureta, aliliwasha gari, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, gari hili lilikuwa likikaa wapi?"

"Nairobi, Mzee. Miaka yote."

"Basi halina ugonjwa. Limehamia Pwani, lakini saa yake ni ya bara."

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Silinda hupata hewa haba, mkazo hupungua, na moto huenda polepole. Mafundi wa huko huizungusha distribyuta kidogo ili cheche itangulie, na gari likapata uhai. Hapa kwetu hewa ni nzito na ya moto, silinda hujaa barabara, na cheche iliyotangulizwa huwa imewahi mno: moto waanza pistoni ingali yapanda, mkazo wazidi, injini yagonga. Kwa sababu hiyo hiyo gari la zamani huhitaji oktani kubwa zaidi Mombasa kuliko Nairobi, jambo ambalo wengi wetu tunaonunua magari kutoka bara hatulifikirii.

Mzee alilegeza nati, akaizungusha distribyuta kwa upana usiozidi wa ukucha, akahakiki kwa taa ya taimingi, akakaza. Kazi ile haikufika nusu saa. Tulipanda tena Mazeras kwa Super ya kawaida na injini haikulia.

Hata hivyo hakuniacha niende hivi hivi. Alifungua kifuniko cha rejeta na kunionyesha ukoko mweupe. Huu ni ugonjwa wetu sisi watu wa Pwani tunaojaza rejeta kwa maji ya kisima. Maji yale yana chumvi na chokaa, ambayo huganda katika mirija. Injini huchemka, na injini ya moto hugonga. Maji yaliyochujwa chumvi, pamoja na dawa ya kupooza injini, ndiyo ya kutiwa humo. Gari litumikalo kwa safari fupi tu, sokoni na madrasani, nalo hujenga masizi juu ya pistoni. Masizi hayo hupunguza nafasi na kubaki kama makaa yanayofuka, yakawasha petroli kabla ya wakati. Safari ndefu moja moja husaidia.

Kuna pia jambo la ghushi. Mafuta ya taa yakichanganywa katika petroli huishusha oktani vibaya, na kwa miaka mingi tofauti ya bei iliwavutia wasio na hofu. Mwaka 2018 serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida hiyo, na aliyeumia kwa ushuru huo ni pia mama anayepikia stovu, jambo ambalo mimi sijaweza kulikubali moyoni. Ikiwa gari lako lilikuwa kimya, ukajaza mahali pageni, na siku ile ile likaanza kugonga na kuwaka kwa tabu, usikimbilie fundi. Weka risiti, jaza penginepo, na uwaarifu EPRA, mamlaka ile itangazayo bei kila tarehe 14 ya mwezi. Kupima mafuta yaliyoghushiwa ni sehemu ya kazi yao.

Wako ambao hukumu yao ni kinyume cha ya mama. Jirani yangu ana Subaru Forester yenye taabo, ya mwanzo wa miaka ya 2000, naye kwa kubana matumizi hujaza Super. Ndani ya kifuniko cha tangi lake mna karatasi ya Kijapani ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Binti yake aliielekezea simu ikaitafsiri: petroli ya daraja la juu isiyo na risasi. Injini yenye taabo husukumiwa hewa kwa nguvu, kwa hiyo mkazo wake ni mkubwa, na agizo lile si pambo. Injini za siku hizi zina kifaa kinachosikia kugonga na kuirudisha nyuma cheche, hivyo huenda usisikie chochote. Utakachokiona ni gari kuwa zito na kunywa zaidi. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1990 nayo yameundwa kwa 95. Basi kabla ya kumsikiliza yeyote, fungua kifuniko cha tangi na usome, au ukitafute kitabu cha gari.

Neno hilo "isiyo na risasi" lina historia ambayo akina mama tunapaswa kuijua. Mwaka 1921, katika maabara ya General Motors huko Marekani, mhandisi Thomas Midgley aligundua kuwa risasi kidogo iliyoyeyushwa katika petroli huzuia kugonga. Oktani ilipanda kwa gharama ndogo, na kwa muda wa miaka mingi moshi wa magari ukaimwaga sumu hiyo mitaani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Nasi Mombasa hatuhitaji kuambiwa, tumeyaona ya Owino Uhuru, ijapokuwa risasi ya pale ilitoka katika kuyeyusha betri. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Wengine husema gari la zamani bado "lahitaji risasi". Ukweli wa kauli hiyo ni mdogo. Risasi ilikuwa pia ikivilinda vikalio vya valvu katika hedi za chuma cha kusubu, kama za Morris Minor. Mwenye gari la namna hiyo akienda mwendo mrefu wa kasi, vikalio hulika. Tiba ni kuwekewa vikalio vigumu mara moja hedi inapofunguliwa. Hedi za alumini, kama za Volkswagen ile ya kobe, zilikuwa na vikalio vya kupachikwa tangu kiwandani.

Mama sasa hujaza Super, na husikiliza injini kila apandapo kilima. Chupa za dawa zilikuwa zimesalia mbili. Kaka alizirudisha dukani. Mwenye duka aliipokea moja, ya pili alikataa kwa kuwa kizibo chake kilikwisha kufunguliwa.