Rubani Akiahirisha Kutua, Tusimcheke

Ndugu msikilizaji, alasiri moja ya kiangazi, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa miongoni mwa abiria wachache wa ndege ndogo iliyokuwa ikija Kigoma. Tulishuka mpaka tukawaona watu waziwazi kando ya uwanja. Mara injini ikanguruma, tukapaa tena. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu kijana bado anajifunza." Tukacheka sote, nami nikiwamo. Mara ya pili tukatua salama. Leo nataka kumwomba radhi rubani yule, kwa kueleza alichokuwa akipambana nacho.

Ndege hupenda kutua ikiutazama upepo, kwani upepo wa mbele huiwezesha kugusa ardhi kwa mwendo mdogo. Taabu ni kwamba njia ya kutulia ikishajengwa haigeuki. Njia ya Kigoma ina namba 16 upande mmoja na 34 upande wa pili. Zidisha kwa kumi, utapata nyuzi za dira: imelala takriban kaskazini kwenda kusini, ikikengeuka kidogo kuelekea mashariki. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, basi, huja karibu usoni mwa ndege. Lakini mchana, jua likishachoma nchi kavu, hewa ya juu ya ardhi hupata joto na kupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huja kujaza nafasi yake. Upepo huo hutoka magharibi, na ndege huupata ubavuni.

Mwaka 1916, Wabelgiji walipoishambulia Kigoma iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, walitumia ndege za kuelea majini. Marubani wale walikuwa na ziwa zima la kuchagua, wakageuza pua kule ulikotoka upepo. Hofu yao ilikuwa mawimbi. Rubani wa leo ana ukanda mmoja tu wa lami, au wa udongo.

Mtu wa Ujiji atanielewa upesi. Anayevuka Malagarasi kwa mtumbwi haelekezi omo pale anapotaka kufika. Huielekeza juu zaidi, mkondo ukamteremsha mpaka mahali pake. Rubani naye huelekeza pua upande wa upepo, ndege ikaja kiubavuubavu kama kaa. Lakini mtumbwi hauna magurudumu. Ndege ikigusa ardhi ikiwa bado imekaa upande, magurudumu hutazama huku na mwili unakwenda kule. Mguu waweza kuvunjika, au ndege ikazunguka ghafla na bawa likagonga chini.

Kwa hiyo, katika sekunde za mwisho, rubani hunyoosha pua kwa usukani wa mkia, huku akiinamisha kidogo bawa la upande wa upepo ili asisukumwe nje ya njia. Gurudumu moja hugusa kwanza. Abiria hudhani ndege inapinduka, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Wala kazi haijaisha hapo, maana upepo waweza kuliinua bawa la ndege nyepesi hata ikiwa tayari inakimbia ardhini.

Kila ndege ina kiasi chake. Cessna 172, ndege ya watu wanne inayojulikana mno duniani, ilionyeshwa na watengenezaji wake kutua vyema katika upepo wa ubavuni wa karibu kilomita 28 kwa saa. Upepo wa kilomita 30 ukija kwa pembe ya nyuzi 30, nusu yake tu, yaani 15, ndiyo inayosukuma ubavu. Ukija ubavuni moja kwa moja, zote 30 zinasukuma. Ndiyo maana rubani hukitazama sana kile kifuko cha kitambaa kinachopepea mlingotini pale uwanjani.

Sasa, ndugu msikilizaji, upepo peke yake si lazima uvunje ndege. Kinachovunja mara nyingi ni kung'ang'ania. Rubani wa ndege ndogo aghalabu yuko peke yake, na nyuma yake amekaa mwenye ndege mwenye haraka, mgeni anayewahi boti ya Gombe, au ndugu anayewahi mazishi. Anajua kwamba afadhali apae tena, asubiri upepo utulie, au aende Tabora kama mafuta yanatosha. Lakini anaogopa kuchekwa. Sisi tuliocheka siku ile tulikuwa tukimfundisha kwamba safari nyingine atue tu, liwalo na liwe.

Nahodha wa mwambao wetu akikataa kung'oa nanga kwa sababu ziwa limechafuka, hatumwiti mwoga. Tunamshukuru, tunashusha mizigo, tunangoja. Rubani naye anastahili heshima hiyo hiyo. Siku nyingine injini ikinguruma nanyi mkapaa tena, kaza mkanda, nyamaza, umwache afanye kazi yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.