Tyubu Kuukuu Haifi, Huhamia Keria

Tyubu ikifika kiraka cha saba, fundi baiskeli hana haja ya kukueleza. Huichomoa kwenye tairi, huikata pale pa kujazia upepo, huipasua kwa urefu kwa wembe, na kabla hujamaliza kikombe cha kahawa anazo kanda mbili nyeusi, kila moja ikikaribia mita mbili. Tyubu ya lori haipasuliwi hivyo. Hiyo hukatwa kwa kuzungusha, kama muuza machungwa anavyomenya, ganda likatoka refu bila kukatika. Kanda hutundikwa msumarini zikingoja mteja. Tanzania tunaziita mpira tu, Kenya wengi husema blada, na sijawahi kumwona mbeba mkaa wa baiskeli asiye na angalau mbili zilizoviringwa kwenye keria yake.

Nimechoka kusikia kwamba huo ni ufungaji wa kimaskini.

Miaka kadhaa iliyopita hata mimi niliona haya. Nikaingia dukani nikanunua kinachouzwa kama mbadala wa kisasa: kamba ya kunyumbuka yenye mistari ya rangi, kulabu ya chuma kila ncha. Nikaenda nayo kufunga kreti ya soda nyuma ya pikipiki. Nilikuwa naivuta ili kulabu ya pili ifike kwenye chuma cha keria, ya kwanza ikachomoka. Sikuiona ikija. Ilinipasua kwenye unyusi, nikashonwa nyuzi tatu. Fundi mmoja mzee, mwenye kibanda jirani, alinifuta damu kwa kitambaa chake chenye grisi (msiige), akaiokota ile kamba na kuigeuzageuza. "Mwanangu," akasema, "mpira hauna meno. Wewe umekwenda kununua wenye meno ili iweje?"

Madaktari wa macho wa Ulaya na Marekani wameandika sana katika majarida yao kuhusu ajali za namna hiyo, na mimi naihesabu bahati yangu kwa sentimita mbili. Mpira uliovutwa umebeba nguvu yote ya mkono uliouvuta. Kulabu ikichomoka, nguvu hiyo huhamia kwenye kijichuma chepesi, nacho hurudi moja kwa moja kwa aliyekuwa akivuta, maana uso wake ndio ulio njiani.

Niliipasua ile kamba kwa hasira na kwa udadisi. Ndani mlikuwa na nyuzi za mpira nyembamba kama tambi, nyingi, zimelala pamoja bila kushikana, na juu yake ala ya nailoni iliyosukwa. Ala hiyo huukinga mpira na jua na mikwaruzo, lakini pia ndiyo breki: kamba ikifika karibu mara mbili ya urefu wake, msuko hubana ukakataa kuendelea. Ukanda mzima wa tyubu huvutika zaidi ya mara tatu kabla ya kukatika. Si kwamba kamba ya dukani haina maana. Ndani ya nguzo za hema, inakoshikanisha vipande visipotee, sijaona kinachoishinda. Iondolewe kulabu tu, na ibaki hemani.

Sasa tazama gunia la mkaa. Halikai lilivyofungwa. Kila shimo la barabara hulitikisa, vipande vikubwa huvunjika, vidogo hujipenyeza, na baada ya kilomita kumi gunia limekonda. Kamba ya katani iliyokazwa alfajiri kwa mguu na kwa meno sasa inaning'inia. Katani ina tabia yake: ikinyeshewa hujikaza, ikikauka hulegea, na mzigo ukipungua haijui. Mpira unajua. Ulipofungwa ulivutwa, na ule mvuto ni akiba. Gunia likinywea sentimita mbili, mpira nao hunywea sentimita mbili, na bado unabana.

Halafu hakuna fundo. Mfungaji hukanyaga ncha moja au huibana chini ya mzunguko wa kwanza, huzungusha huku akivuta, na mwishoni huchomeka ncha iliyobaki chini ya mizunguko iliyotangulia. Basi. Mgeni huona uzembe, kumbe ni hesabu ambayo mwanahisabati Leonhard Euler aliiandika karne ya 18 na vibarua wa bandarini waliijua kabla yake: kamba ikizungushwa kwenye gogo, msuguano hauongezeki kwa kujumlisha, huongezeka kwa kuzidisha. Kwa msuguano wa kawaida tu, ule ambao wahandisi huuandika 0.5, mzunguko mmoja huzidisha uwezo wa kushikilia mara 23 hivi. Miwili huvuka mara 500. Ndiyo maana mtu mmoja kwenye gati hulizuia jahazi kwa kuzungusha amari mara mbili kwenye nguzo. Na mpira juu ya mpira hushikana zaidi ya hapo, kwa hiyo ile ncha iliyochomekwa haina inakokwenda. Ukitaka kufungua, unaichomoa kwa vidole viwili. Jaribu kufungua fundo la katani lililonyeshewa ndipo tuzungumze.

Lakini tusidanganyane. Mzigo mzito kweli haufungwi kwa mpira peke yake, kwani kinachonyumbuka hukubali kusogea, na breki ya ghafla haisubiri mzigo urudi mahali pake. Wabeba mkaa wanajua: kwanza fito, kisha kamba isiyonyumbuka, mpira mwisho kama mlinzi wa yote. Wanaofunga friji kwenye bodaboda kwa mpira mtupu wanatafuta habari za kusomwa redioni.

Kuna jambo ndani ya mpira ambalo hunifurahisha hadi leo, na halihitaji maabara. Chukua raba bendi pana. Iguse kwa mdomo wa juu, mahali penye ngozi nyepesi kuhisi joto. Ivute ghafla hadi karibu na mwisho wake na uiguse tena papo hapo: ina joto. Ishikilie ikiwa imevutika, hesabu hadi ishirini ipoe, kisha iachie ilegee na uiguse: ina baridi. Aliyeandika jambo hili mwaka 1805 alikuwa John Gough, Mwingereza asiyeona, na chombo chake cha kupimia kilikuwa huo huo mdomo. Mwanafizikia James Joule alilipima kwa makini akachapisha mwaka 1859.

Kinyume chake ni cha ajabu zaidi. Chuma ukikipasha moto hutanuka. Mpira uliovutwa kwa uzito ukiupasha moto hunywea, ukaunyanyua ule uzito. Molekuli za mpira ni minyororo mirefu iliyojikunja ovyo, kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Kuuvuta mpira ni kuzichana zilale upande mmoja. Joto ni mtikisiko, na kadiri minyororo inavyotikiswa ndivyo inavyong'ang'ania kurudi kwenye msokoto. Springi ya chuma hurudi kwa sababu atomi zake zimesogezwa kutoka mahali pake. Mpira hurudi kwa sababu vurugu ndiyo makao yake.

Kwa hesabu ya kitabuni, mpira uliofungwa alfajiri kwenye nyuzijoto 20 na kubaki na urefu ule ule utabana kwa takriban asilimia 7 zaidi ukifika nyuzi 40 juani. Tyubu halisi haifuati kitabu sawasawa, kwani ina masizi na dawa nyingine na huchoka kadiri inavyokaa imevutwa. Hata hivyo, kamba gani nyingine inayojaribu kujikaza saa saba mchana, wakati wewe mwenyewe umelegea?

Tyubu nyingi za siku hizi si mpira wa mti. Ni butili, mpira wa kiwandani uliovumbuliwa mwaka 1937 na William Sparks na Robert Thomas wa Standard Oil huko New Jersey. Sifa yake kubwa ni kuzuia hewa isivuje. Sifa yake nyingine ni uvivu: mpira wa kuchezea wa butili ukiuangusha sakafuni hurudi kidogo tu. Tulipokuwa watoto hatukujua jina hilo, ila tulijua kuna tyubu inayofaa manati na kuna tyubu ambayo jiwe lake linafika kwa ndege likiwa limechoka. Kwenye keria uvivu huo ni sifa, maana mpira humeza mtikisiko badala ya kuurudishia mzigo.

Kinachoua mpira wa asili si uzito bali hewa. Ozoni kidogo iliyomo hewani huvamia mpira, lakini huvamia hasa uliovutwa, na nyufa zake hukatiza mvuto, upande ule ule ambao mpira utakatikia. Ukiulegeza unapumzika. Butili huivumilia ozoni zaidi, na masizi yanayoipa weusi huikinga na jua, ndiyo maana ukanda wa tyubu hukaa nje miaka wakati nyuzi za kamba ya dukani zimekwisha kuoza ndani ya ala inayong'aa.

Mpira haukutufikia ndani ya tairi. Neno lenyewe linabeba mti, utomvu, kinachopigwa teke uwanjani na bomba la kumwagilia bustani. Anayekunywa juisi ya bungo Zanzibar au Mombasa anakunywa tunda la mtambaazi wenye utomvu wa kunata, na ndugu yake porini, Landolphia kirkii, aligemwa kwa ajili ya soko la pwani karne ya 19. Neno la pili la jina hilo limetokana na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. John Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888 huko Belfast, dunia iliingiwa na kiu ya mpira, na watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili wakailipia kiu hiyo kwa mikono yao iliyokatwa. Wajerumani nao wakapanda mpira wa Kibrazili, ndugu wa muhogo, kuanzia Tanga. Bei ikaporomoka mwaka 1913, mashamba yakatelekezwa, miti ikabaki. Majani yake tunayala mpaka leo: kisamvu cha mpira, kwa nazi.

Linaloniudhi ni tunavyoutupa. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hauyeyuki tena kwa jua, kwani salfa hujenga madaraja kati ya minyororo. Madaraja hayo hayabomoki kirahisi. Ndoo ya plastiki iliyovunjika huyeyushwa ikawa ndoo tena, lakini tyubu haiyeyuki ikawa tyubu. Njia rahisi iliyobaki ni kuitumia ilivyo, nasi tunaichoma. Kuna wanaowashia mkaa kwa vipande vya tyubu, moshi mweusi ukaingia kwenye sufuria ya maharage na kwenye kifua cha mtoto. Kuna matairi yaliyolala nyuma ya kila gereji yakikinga maji ya mvua, na mbu wa dengue, anayependa maji ya namna hiyo, hana haja ya kwenda mbali. Dar es Salaam ilipigwa na dengue mwaka 2014, ikapigwa tena 2019. Manispaa zetu zina siku ya usafi na zina faini. Kapu la mpira chakavu sijaliona.

Na tyubu zenyewe zinaadimika. Magari mapya yana tairi zisizo na tyubu, pikipiki nazo zinafuata. Mafundi watalisikia hilo kabla ya maprofesa.

Matumizi mengine mnayajua: manati, kusukia viti vya fremu ya chuma, mpini wa panga usiteleze, bomba linalovuja, bunduki ya mshale ya wavuvi, kamba za katambuga, mfuniko wa ndoo ya maziwa, mlango usiofungika, kupandikizia miembe. Wenye chukudu wa Goma, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, huvisha magurudumu ya mbao mpira wa tairi kuukuu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Fundi akikubadilishia tyubu, usiiache chini ya benchi lake. Mwombe aipasue, ichukue nyumbani, na usiihifadhi ikiwa imevutwa. Kila mwezi ikunje katikati ya vidole uitazame mgongoni. Ukiona nyufa ndogo zinazokatiza upana, usiipe tena mzigo wa barabarani, kaifungie mgomba ulioelemewa na mkungu.