Mgongo Wetu na Viungo Vyake

Mtu asimamaye kwenye bandari ya Moba huwaona akina mama wakijitwika mizigo yao, unga wa muhogo, makala, ndagala waliokaushwa, na kushika njia ya kupanda Kirungu. Jua ni kali, mlima ni mrefu, lakini shingo zao zimenyoka na miguu yao haitetemeki. Wasomaji wapenzi, je, mmepata kujiuliza ni kitu gani kinachoishika migongo hiyo hata isivunjike?

Wengi watajibu: "Ni mifupa." Jibu hilo ni nusu tu ya kweli. Mifupa peke yake ni kama vipande vya kuni vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ukivigusa vyaanguka. Kinachovifanya vipande hivyo kuwa mwili mmoja ni viungo, na kinachovishika viungo ni kano.

Aliyewahi kumkata mbuzi paja ameviona vitu hivi kwa macho yake. Kisu kinapoingia kwenye kiungo hukutana kwanza na mikanda myeupe, migumu, isiyokubali kukatwa upesi. Ikiisha kukatwa, ncha za mifupa hutokea, nyororo na zenye kung'aa, nazo zimelowa ute utelezao. Sisi nasi tumeumbwa vivyo hivyo.

Katika kiungo cha namna hiyo, kama vile goti, bega, kiwiko au nyonga, mna vitu vitano. Cha kwanza ni gegedu, lifunikalo ncha za mifupa ili zisisagane. Cha pili ni mfuko mgumu uzungukao kiungo chote. Cha tatu ni utando mwembamba ulio ndani ya mfuko huo. Cha nne ni ute, ambao hutoka katika utando huo, nao hufanya kazi ya mafuta katika gurudumu. Cha tano ni kano, mikanda ifungayo mfupa kwa mfupa. (Kano zishikazo msuli kwa mfupa ni nyingine, ingawa jina ni moja.)

Basi sikilizeni jambo la ajabu. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake katika ute, na ute huingia humo vizuri kiungo kinapotembezwa, kikakazwa na kulegezwa. Ndiyo sababu mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kunyosha viungo huona vimekakamaa. Kano nazo zina damu kidogo, kwa hiyo hupona polepole. Mtoto aliyeteguka kifundo cha mguu asihimizwe kukimbilia mpira kesho yake. Kano huhitaji majuma kadhaa.

Sasa tuutazame mgongo. Uti wa mgongo una pingili 33. Pingili 7 ni za shingo, 12 ni za kifua, ambazo mbavu hushikana nazo, na 5 ni za kiuno. Chini yake ziko 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja, na mwisho kabisa, kwa watu wengi, 4 ndogo za kifandugu. Zile 24 za juu ndizo zinazojongea. Kati ya pingili na pingili, kuanzia ya pili ya shingo, kuna kisahani chenye pete ngumu nje na kitu laini kama utomvu ndani. Uzito hukamua maji katika visahani hivyo mchana kutwa, na usiku tulalapo huyanywa tena. Hivyo mtu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Kwa nyuma kila pingili hugusana na mwenzake kwa viungo viwili vidogo vyenye gegedu na ute, kama goti lilivyo. Na katikati mna njia ipitayo ugwe wa neva, ambao huchukua amri za ubongo kwenda mikononi na miguuni.

Nguzo hiyo hufungwa na kano nyingi. Moja, pana na yenye nguvu, hushuka mbele ya pingili toka shingoni hata chini ya kiuno, nayo hutuzuia tusipinde mno kwa nyuma. Ya pili hushuka nyuma ya miili ya pingili, ndani ya ile njia ya neva. Hiyo ni pana shingoni, lakini kiunoni huwa nyembamba. Nyingine ni za rangi ya manjano, nazo huvutika kama mpira: ukiinama hutanuka, na ukitaka kusimama hukusaidia kurudi wima. Tena ziko kano zishikazo ile miiba ya pingili unayoigusa kwa kidole mgongoni. Kisogoni pia pana kano. Ile ya ng'ombe ni nene sana, maana ndiyo imsaidiayo kubeba kichwa chake kizito. Mwuza nyama yeyote anaijua.

Shingo ina siri yake. Pingili ya kwanza ni kama pete, na ya pili ina jino lisimamalo ndani ya pete hiyo. Unapokubali kwa kichwa, fuvu huinama juu ya pingili ya kwanza. Unapokataa, pete huzunguka jino. Nyuma ya jino hilo umekatiza ukanda mmoja mfupi wa kano, nao ndio hulizuia lisiukandamize ugwe wa neva. Ukanda huo ukikatika, mtu aweza kupooza au kufa.

Nimeyaeleza haya ili tujifunze namna ya kuutunza mwili. Mzigo uliokaa sawasawa kichwani hushuka wima katika nguzo ya mgongo, na mwili unyokapo huweza kuubeba. Hatari kubwa iko wakati wa kuuinua. Jaribu kushika ndoo ya maji karibu na tumbo, kisha inyoshe mbele kwa mikono yako: maji ni yale yale, lakini utaona yamekuwa mazito mno. Mtu ainamaye kwa kiuno, miguu imenyoka, akanyakua gunia lililo mbali naye, huvilemea vivyo hivyo visahani vya kiuno. Kisahani kikipasuka, ule utomvu hutokea nyuma upande, pale ambapo kano ni nyembamba, ukagusa neva. Maumivu hushuka pajani hata kwenye unyayo. Basi piga magoti, uvute mzigo karibu na mwili, uinuke kwa nguvu za miguu, na mwenzako akusaidie kujitwika. Wala watoto wasitwikwe mizigo ya watu wazima, kwa kuwa mifupa yao ingali inakua.

Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe au mchikichi, na shingo au mgongo unamwuma, msimvute mikono wala kumketisha. Mmoja akishike kichwa kisigeuke, wengine wamwinue kwa pamoja na kumlaza juu ya ubao au mlango, kisha apelekwe hospitali. Haraka isiyo na akili yaweza kumpooza aliyekuwa mzima.

Jambo jingine zito ni kibiongo kinachoota polepole kwa mtoto. Wapo wasemao ni uchawi, wakaanza kumtafuta jirani wa kumshitaki. Lakini mara nyingi ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili. Vijidudu vyake hutoka mapafuni, hupita katika damu, hula sehemu ya mbele ya pingili, na mgongo hujikunja. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, na leo una dawa, mradi mgonjwa aimeze miezi yote aliyoagizwa. Mtoto aumwaye mgongo juma baada ya juma, akakonda, akatoka jasho usiku au miguu ikalegea, apelekwe kwa daktari mapema. Vilevile kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, kisikandwe nyumbani; huenda mna usaha ndani, nao huliharibu gegedu kwa siku chache.

Mtu asiseme kwamba kwenda hospitali ni kupungukiwa imani. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, alikaa Adrien Atiman. Alikuwa mtoto wa Sudani ya Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea uganga kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa katekista na mganga pia hadi kufa kwake mwaka 1956. Mkono uliofundisha ishara ya msalaba ndio uliofunga vidonda.

Katika Injili ya Luka twasoma habari za mwanamke aliyepindana mgongo kwa miaka 18, asiweze kabisa kujinyosha. Bwana Yesu hakungoja aombwe. Alimwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima, akamtukuza Mungu. Wako wangapi kati yetu ambao tunawaona wamepindana, nasi hatuwaiti?

Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliufananisha umoja wetu katika Kristo na mwili unaoshikamanishwa kwa viungo na kano. Kano haina sifa: haionekani, haina sauti, haijongei yenyewe. Kazi yake ni kushika tu, na ikiacha kushika, hata mfupa wenye nguvu hauna faida. Jamaa nayo ni hivyo. Baba apandaye mlima mikono mitupu, mkewe akimfuata na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ameacha kushika mahali pake. Na auchukue mzigo, au amchukue mtoto. Kirungu hakitasogea karibu, lakini watafika wote wawili wakiwa wazima.