Wi-Fi inakwama kila jioni: pengine antena haina kosa

Kila jioni, iwe Kasongo ama Kabambare, mambo ni yaleyale. Watu wanatoka shamba na soko, wanakusanyika pembeni ya nyumba yenye Wi-Fi, kila mtu na telefoni yake. Mara picha inasimama, ujumbe hauendi. Mwenye Wi-Fi anazima mashini, anaiwasha, inatembea kidogo, kisha inakwama tena. Wengi wanasema: "Antena imeharibika." Wengine wanaanza kutafuta pesa ya kununua ingine. Lakini mara nyingine kosa haliko juu ya paa. Liko ndani ya ile mashini inayogawanya intaneti.

Depo imejaa

Mashini nyingi za kazi hiyo, iwe ordinateri ama ruta ndogo, zinatembea na Linux. Kiini cha Linux kinaitwa kerneli. Ndicho kinapokea kila pakiti ya data na kuitafutia nafasi katika memori, ile wanaita RAM. Memori imekatwa vipande. Kwa mashini nyingi kila kipande ni baiti 4096.

Tufikiri depo ya mchele. Vijana wanaleta magunia mbio mbio. Mlinzi wa mlango hana ruhusa ya kungojea wapange ndani: gunia likikosa nafasi palepale, linaachwa nje. Ndivyo kerneli inavyofanya wakati pakiti zinaingia kwa wingi. Pakiti iliyokosa nafasi inatupwa, inabidi itumwe tena, na watu wote wanaona rezo inaenda pole pole.

Tena, pengine nafasi iko lakini imetawanyika, moja huku, ingine kule. Mzigo unaotaka nafasi nane zinazofuatana hauingii. Ndiyo sababu memori inaweza kukosekana hata kama hesabu inaonyesha ingine imebaki.

Hapo kununua antena yenye nguvu zaidi ni kupanua barabara wakati depo imejaa: magunia yanafika mbio zaidi, na mengi zaidi yanabaki nje.

Usizime kwanza

Kuzima kunafuta alama. Kwa ordinateri, andika kwanza dmesg na usome. Ukikuta «page allocation failure», kosa ni la memori. Karibu yake kuna neno order. Order 0 ni kipande kimoja: ikirudia sana, memori yenyewe ni kidogo. Order 3 ni vipande nane vinavyofuatana: hapo mara nyingi nafasi imetawanyika. Ujumbe mmoja mmoja usikutie woga, kerneli inaweza kujaribu tena. Lakini ukisoma «nf_conntrack: table full», hiyo ni shida ingine: ni daftari la mawasiliano ndilo limejaa.

Dawa ya kwanza ni kuongeza akiba ya kerneli. Kwa mashini ya gigabaiti 1, mtu anaweza kujaribu megabaiti 16:

sysctl -w vm.min_free_kbytes=16384

Usipite kiasi, programu zingine zitakosa pa kukaa. Ikisaidia, iandike katika faili ya .conf ndani ya /etc/sysctl.d, la sivyo itapotea mashini ikizimwa.

Ya pili, punguza mzigo: toa programu zisizo za lazima, weka kipimo cha watu wanaoingia pamoja. Kwa ruta ndogo, mara nyingi hiyo ndiyo njia inayobaki, maana memori yake haiongezwi.

Ya tatu, andika free -m asubuhi na jioni, uangalie safu ya «available». Kama inashuka kila siku na hairudi hata watu wakiondoka, kuna programu inayochukua memori bila kuirudisha. Inafaa isasishwe.

Mwanafunzi anayengojea matokeo ya Exetat na muuguzi anayetuma ripoti ya juma wanaumia sawasawa rezo ikikwama. Basi, kabla ya kumlipa fundi kwa antena mpya, mwambie akuonyeshe kwanza kile dmesg inasema.