Umeumia mgongo kazini? 'Pole' ya bosi haitoshi

Tuseme ni saa nne asubuhi, uko kwenye shamba la miwa karibu na Awendo, Kaunti ya Migori. Trela imejaa nusu. Unainama, unainua mzigo wa miwa hadi begani kama ulivyofanya mara elfu, halafu kitu kinakatika ndani ya kiuno. Miguu inakosa nguvu. Nyapara anakwambia ukae kivulini. Jioni unapewa pesa ya siku, noti mbili za dawa na neno moja: pole.

Wiki tatu baadaye bado unalala chali. Huna kidonda cha kumwonyesha mtu. Mjomba ameanza kunong'ona kwamba umekuwa mvivu. Kule shambani, kijana mwingine ameshachukua nafasi yako.

Mtu akikatwa kidole, kila mmoja anaona. Shingo na mgongo huumia kimyakimya. Ndiyo maana ni rahisi sana kupoteza haki yako, hasa kama wewe ni kibarua wa mjengo Homa Bay au mpakiaji miwa ambaye hajawahi kupewa barua ya kazi.

Sasa sikiza. Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ile watu wengi huiita WIBA. Inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa mshahara. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Kwa hivyo usidanganywe ati kwa sababu hukuandikiwa barua, huna lako.

Saa inaanza kuhesabu

Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja. Yeye naye ana siku 7 tangu ajue kuripoti ajali hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kuna fomu maalum ya kazi hiyo: sehemu moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari. Wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai lako. Inaonekana ni muda mrefu, lakini ukianza kungoja bosi atimize ahadi ya "tutaongea mwisho wa mwezi", mwaka utaisha ukiwa bado kitandani.

Usimwachie mwajiri kila kitu. Ukiwa na simu, andika ujumbe mfupi siku hiyo hiyo: leo saa nne, nikipakia miwa mahali fulani, nimeumia kiuno, fulani na fulani wameona. Ujumbe huo una tarehe na saa, na hakuna atakayeubishia baadaye. Hifadhi pia jumbe za M-Pesa ulizolipwa nazo. Hizo zinaonyesha kwamba ulikuwa unafanya kazi pale, na ulikuwa unapata ngapi.

Hospitalini, mweleze daktari ni kazi gani ulikuwa unafanya ulipoumia, na uhakikishe ameiandika. Kadi inayosema tu "maumivu ya mgongo" haitakusaidia sana. Mwenye kulipa anaweza kusema mgongo wako ulikuwa unauma tangu zamani.

Eksirei safi si mwisho wa hadithi

Hapa ndipo wengi hukwama. Uti wa mgongo ni pingili za mifupa, 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua na 5 kiunoni, na kati yake kuna diski laini zinazozuia mifupa isisagane. Kando yake hupita mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi na miguuni. Eksirei huonyesha mifupa vizuri. Diski iliyochomoka na mshipa uliobanwa hauvioni vizuri hapo. Vinahitaji kipimo cha MRI.

Kwa hivyo ukiambiwa "picha ni safi", maana yake ni kwamba mfupa haujavunjika. Haimaanishi wewe ni mzima. Mguu ukiwa na ganzi, ukidondosha kikombe ovyo kwa sababu mkono hauna nguvu, sema, na iandikwe. Na kama mkojo unatoka wenyewe au umegoma kabisa, hiyo ni dharura. Kimbia hospitali, fomu zitangoja.

Piga hesabu mwenyewe

Ukibaki na ulemavu wa kudumu, fidia hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, ikizidishwa kwa asilimia ya ulemavu, ndani ya viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Tuseme ulikuwa unapata Sh15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni Sh1,440,000. Ukipewa asilimia 10, ni Sh144,000. Ukipewa asilimia 20, ni Sh288,000.

Umeona? Tofauti ya asilimia 10 ni pesa ya kuanzisha duka la mtu asiyeweza tena kubeba mzigo. Sheria ina jedwali la majeraha na asilimia zake, na jeraha lisilotajwa humo hupimwa na Mkurugenzi kwa kulilinganisha na jedwali hilo. Palipo na makadirio, pana nafasi ya kukosea.

Na palipo na kosa, pana rufaa. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo. Ambatisha kitu kipya: ripoti ya daktari wa pili, MRI, maelezo ya kazi ambazo huwezi tena. Kulia tu kwamba pesa ni kidogo hakutoshi. Akupe jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikukataa, una siku 30 kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Kisumu. Kumshtaki bosi moja kwa moja mahakamani bila kupitia njia hii hakutakufikisha mbali. Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu huu Desemba 2019.

Walioachwa nje

Tuwe wakweli. Sheria hii haimfikii kila mmoja. Wanajeshi hawamo, wana mfumo wao wa pensheni. Mchimbaji dhahabu wa Macalder anayeshuka shimoni kwa makubaliano ya kugawana mawe, na si kwa mshahara, atapata shida kuthibitisha kwamba ana mwajiri. Vivyo hivyo mwendesha bodaboda anayejitegemea. Akigongwa na gari, mlango wake ni bima ya gari hilo, na ana miaka 3 ya kufungua kesi. Aende polisi aandikishe ajali hiyo mapema.

Kama uko kwenye kundi hili, ongea na wenzako leo kabla ya mtu kuumia. Chama kinachochanga kila Ijumaa kinaweza kununua bima ya ajali ya pamoja. Kinaweza pia kukubaliana jambo moja lisilogharimu hata shilingi: mtu akianguka na kuumia shingo, hatapakiwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Shingo iliyovunjika ikitikiswa njia nzima inaweza kumwachia kupooza. Atulizwe hapo hapo, kichwa kisigeuzwe, litafutwe gari ambalo atalala.

Kwa wewe uliyeajiriwa, hata kama ni kibarua cha wiki, kabla hujaweka sahihi kwenye karatasi yoyote ya "nimelipwa, sina dai", uliza maswali matatu. Ajali yangu imeripotiwa kwa Mkurugenzi? Daktari ameandika asilimia ngapi? Siku zangu 60 zinaisha lini?

Bosi asipokuwa na majibu, weka kalamu chini. Una miaka 25. Mgongo huo unatakiwa ukubebe miaka mingine 50.