Waliopanda Kitani: Utangulizi wa Kufuatilia Nasaba za Ayalandi

Anayetafuta asili ya ukoo wake huko Ayalandi hachukui muda kabla ya kukutana na pengo. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, hifadhi ya nyaraka za serikali iliyokuwa katika majengo ya Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuteketea. Humo zilikuwamo sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, na kilichookolewa ni vipande tu. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya uhaba wa karatasi. Sensa kamili ya zamani kabisa iliyosalia ni ya 1901. Kwa hiyo taaluma ya nasaba katika nchi hiyo imelazimika kujifunza kusoma orodha zilizoandikwa kwa shughuli nyingine kabisa, ambazo kwa bahati tu zina majina ya watu ndani yake.

Katika orodha hizo, ninayomwelekeza mwanafunzi mgeni mapema kabisa ni ile ya wakulima wa kitani ya mwaka 1796.

Katika karne ya 18 nguo za kitani ndizo zilizoongoza katika bidhaa ambazo Ayalandi iliuza nje, na tangu 1711 palikuwa na bodi maalumu ya kuisimamia biashara hiyo. Mwaka 1796 bodi hiyo iliwatunuku waliopanda kitani. Aliyepanda robo ekari alistahili gurudumu moja la kusokotea nyuzi, wa ekari moja magurudumu manne, na aliyefikisha ekari tano alipewa kitanda cha mfumi. Majina ya waliostahili yalichapwa, na yanakaribia 60,000. Mengi ni ya jimbo la Ulster, upande wa kaskazini, hasa kaunti za Tyrone na Donegal. Kaunti za Dublin na Wicklow hazina jina hata moja.

Kwa nini magurudumu, wala si fedha? Jibu liko katika kazi yenyewe. Kitani hupandwa majira ya kuchipua, hutoa maua ya buluu, na kikikomaa hung'olewa kwa mkono pamoja na mizizi, maana kukikata ni kupunguza urefu wa nyuzi. Mabua hufungwa matita, yakalowekwa kwenye bwawa na kukandamizwa kwa mawe wiki moja au mbili hadi sehemu laini ioze. Watu waliingia majini kuyatoa, na uvundo wake ulisikika mbali. Baada ya kuanikwa, mabua hupondwa ili vipande vya kijiti vidondoke, nyuzi zikachanwa, ndipo zikasokotwa. Hapo ndipo kazi ilipokwama: mfumi mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha nyuzi. Wasokotaji walikuwa wanawake, ilhali kwenye orodha wengi mno ni wanaume. Gurudumu lilizungushwa na mke au binti, jina likaandikwa la mwenye shamba. Ukimtafuta bibi mzaa bibi, orodha hii itakunyima, isipokuwa pengine alikuwa mjane aliyelima kwa jina lake.

Kila ingizo lina jina, parokia na kaunti. Basi. Hakuna umri, hakuna jina la baba, hakuna kitongoji. Tuseme unamtafuta John wa ukoo wa Gallagher huko Donegal, ambako jina hilo limejaa kila kona. Ukiwapata akina John Gallagher wawili katika parokia moja, hujui kama ni baba na mwana au watu baki. Lakini jina likiwa adimu, orodha hugeuka dhahabu. Ukiliona katika parokia mbili tu za jirani, umekwisha kujua uanze kuchimba wapi, na katika nasaba za Ayalandi kujua mahali ni nusu ya kazi. Tena orodha hii haikuchagua dini. Hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa vitabu vya ubatizo vya parokia nyingi za Kikatoliki za Ulster vinaanza baada ya 1820, na orodha za zamani zaidi mara nyingi ziliwahesabu Waprotestanti peke yao.

Jihadhari na tahajia. Karani aliandika alivyosikia, na viambishi vya O na Mac vilidondoshwa ovyo zama hizo. O'Neill wa leo anaweza kuwa Neill katika orodha. Jihadhari pia na parokia zenyewe: zilizotajwa ni za kiserikali, na mipaka yake mara nyingi haifanani na ya parokia za Kikatoliki. Na tusimpachike babu ufundi ambao hatujaambiwa. Orodha inasema alipanda. Kama alifuma au hakufuma, haisemi.

Kwa walio Marekani kuna jambo jingine la kuzingatia. Kitani cha nyuzi nzuri hung'olewa kabla mbegu hazijaiva, kwa hiyo Ayalandi iliagiza mbegu kutoka nje, nyingi zikitoka Philadelphia na New York. Meli zilizozileta Derry, Newry na Belfast zilirudi na wahamiaji. Zao hilohilo liliwapa watu riziki na njia ya kuondoka.

Usianzie 1796. Anza na sensa ya 1901, inayosomeka bure mtandaoni, urudi nyuma hadi uthamini wa ardhi wa Griffith, uliochapwa kati ya 1847 na 1864, kisha vitabu vya zaka vya miaka ya 1823 hadi 1837. Ukifika hapo ukiwa na jina na parokia mkononi, ndipo ufungue orodha ya kitani. Na jina lisipokuwamo, usikate tamaa: wengi walilima viazi na shayiri tu, na hakuna aliyewapa gurudumu.